Tafiti za steroidi na mazoezi ya vyuma: mbona hazikubaliani?

Kengewa: Wakuu, napitia tafiti za steroidi za kujenga misuli. Za miaka ya 1960 na 1970 nyingine ziliona nguvu ikipanda, nyingine hazikuona kitu. Mwaka 1977 chama cha tiba ya michezo cha Marekani, ACSM, kilisema hakuna ushahidi thabiti kwamba zinasaidia. 1984 kikageuza msimamo. Tatizo liko wapi?

Mizani: Anza na dozi, mkuu. Tafiti nyingi za zamani zilitoa methandienoni (steroidi ya vidonge) miligramu 5 hadi 10 kwa siku, kwa wiki chache tu. Linganisha na utafiti wa Bhasin na wenzake, 1996: sindano ya testosteroni enantheti (aina ya homoni ya kiume) miligramu 600 kwa wiki, wiki 10, wanaume waliokwisha kuzoea vyuma, protini gramu 1.5 kwa kila kilo ya mwili, mazoezi yakisimamiwa. Uzito usio mafuta uliongezeka takriban kilo 2 kwa mazoezi peke yake, 3 kwa sindano peke yake, 6 kwa vyote viwili. Sasa punguza dozi, kila mtu ale anavyotaka, kundi liwe na watu saba: tofauti hiyo itamezwa na tofauti za kawaida kati ya mtu na mtu.

Dada Vyuma: Na aliyeanza vyuma juzi? Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka kwa sababu neva zinajifunza kuamrisha misuli, hata bila dawa. Ongezeko hilo hufunika kazi ya steroidi. Halafu kuna imani: mwaka 1972 Ariel na Saville waliwapa wanyanyuaji vidonge visivyo na dawa, wakaambiwa ni Dianabol (jina la kibiashara la methandienoni), na nguvu zikapanda. Kuwaficha washiriki nani kapewa dawa nako ni kugumu. Chunusi zikitoka, mtu anajua yuko kundi gani.

Kengewa: Asante. Na vipimo vyenyewe?

Mizani: Hapo ndipo wengi huteleza. "Uzito usio mafuta" unajumuisha maji, na baadhi ya steroidi hufanya mwili ushike maji. DXA, kipimo cha eksirei cha mafuta na misuli mwilini, haiwezi kukutenganishia maji hayo na misuli. Nguvu nayo ipimwe kwa zoezi lililofanyiwa mazoezi: watu wakifanya skwati (kuchuchumaa na kusimama na uzito) wiki 10, kisha ukawapima kwa mashine ya kunyoosha goti, ongezeko litaonekana dogo kuliko lilivyo.