Mjadala: Uzito wa majoki upandishwe, au wenye mwili watafute kazi nyingine?

Mzaramo wa Buguruni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei kuna wachache hapa Dar tunakesha kuisubiri Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Marekani, ambayo kwa saa zetu inaangukia karibu saa nane usiku. Safari hii kijiweni ubishi ulihama kwa farasi ukaenda kwa wanaowapanda, yaani majoki. Mmoja akasema joki analipwa pesa ndefu, kwa hiyo akishinda na njaa asilalamike, ndiyo kazi aliyoichagua. Wengi wakampigia makofi. Mimi napinga, na nataka kulimaliza hapa.

Tuanze na hiyo pesa. Tangu 2024 zawadi ya Derby ni dola milioni 5, na mwenye farasi aliyeshinda anabeba milioni 3.1. Joki wake kwa kawaida anapata asilimia 10, yaani 310,000. Wakala anakata kama robo, msaidizi anayemtunzia tandiko na nguo ana chake, serikali nayo inasubiri kodi. Na huyo ni mtu mmoja, mara moja kwa mwaka. Joki wa kawaida akimaliza wa saba katika mbio za Jumatano mchana anaondoka na ada ya kupanda, inayozunguka dola mia moja, na wakala bado anadai fungu lake.

Sasa uzito. Kwenye Derby farasi dume anabeba pauni 126, kama kilo 57, na hizo ni joki pamoja na tandiko. Mbio nyingi za kawaida zinashuka chini ya hapo. Mwanamume mzima mwenye mifupa yake atafikaje? Anaruka chakula, anajifungia sauna, anakimbia kavaa nguo za plastiki juani, anameza vidonge vya kukojoa. Wengine wanatapika kwa makusudi, na kuna vyumba vya majoki Marekani vilivyowahi kuwekewa sinki la kazi hiyo. Yaani uongozi ulijua, ukaita fundi bomba.

Halafu mtu huyo aliyekauka maji anapanda mnyama wa karibu nusu tani, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, huku gari la wagonjwa likiwafuata nyuma kila mbio. Fred Archer alikuwa bingwa wa majoki wa Uingereza miaka 13 mfululizo. Alikuwa mrefu, na mwaka 1886 alijinyima kula ili apate uzito wa mbio moja. Akashikwa na homa, na akajitoa uhai akiwa na miaka 29.

Hoja yangu: uzito wa chini upandishwe kilo tatu kila mahali. Joki mwepesi ajaziwe vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko, kama inavyofanyika sasa. Nani anaumia?

Dokta wa Mifugo, Tegeta

Farasi ndiye anaumia, mkuu. Wengi wanaanza kukimbia wakiwa na miaka miwili, mifupa haijakomaa. Mguu wa mbele ukivunjika vibaya, mara nyingi mnyama anauawa palepale uwanjani. Joki anaweza kuacha kazi. Farasi hana pa kupeleka barua.

Mzaramo wa Buguruni

Dokta, nakuheshimu, lakini tazama Grand National, mbio za kuruka za Uingereza pale Aintree. Karibu kilomita 7, vizuizi 30 vya kuruka, na farasi anayepangiwa uzito mkubwa kuliko wote anabeba zaidi ya kilo 74. Halafu tunaambiwa kilo 57 kwenye uwanja tambarare ndiyo huruma kwa mnyama. Na farasi Secretariat alibeba pauni 126 mwaka 1973, akamaliza Derby kwa dakika 1, sekunde 59 na nukta 4. Rekodi hiyo haijaguswa.

Dokta wa Mifugo, Tegeta

Wa kuruka wamekomaa zaidi na wanakwenda taratibu kuliko hao. Unalinganisha visivyolingana.

Kijana wa Temeke

Mie nabeti farasi wa kompyuta pale stendi. Joki wake hali kabisa na mkeka wangu unachanika vilevile 😂

Mkongwe wa Ilala

Mnabishania kilo. Derby ya kwanza, 1875, majoki 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis, alikuwa mweusi. Jimmy Winkfield akashinda 1901 na 1902. Baada yake hakuna mweusi aliyeshinda tena mpaka leo. Hao waliondolewa na mizani?

Mzaramo wa Buguruni

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo inastahili mada yake, na ukiifungua nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Kocha wa Ngumi, Manzese

Habari zenu wote. Nimekaa na mizani ulingoni miaka mingi, nitasema ninachokijua. Bondia wangu anapimwa siku moja kabla ya pambano, usiku anakunywa supu, anakula wali, kesho anapanda ulingoni mwili umerudi. Na anapigana mara chache kwa mwaka. Joki anapimwa muda mfupi kabla ya kupanda, akishuka anapimwa tena, na siku hiyohiyo ana mbio nyingine nne au tano. Hana nafasi ya supu. Kwa hilo Mzaramo nakuunga mkono.

Ila dawa yako haitibu. Ukipandisha kilo tatu, kesho watakuja vijana wazito kwa kilo tatu, nao watajikausha. Nimeliona hilo kila uzito wa ngumi. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakikata uzito. Baada ya hapo vyuo vikaanza kupima mkojo kuona kama mwili una maji, ndipo wakampangia kila mtu uzito asioruhusiwa kushuka chini yake. Joki apimwe hivyo. Akiwa mkavu, hapandi siku hiyo.

Mama wa Sinza

Kocha, mwanangu ana miaka 16, kilo 44, anasema akimaliza kidato cha nne anataka kwenda uwanja wa farasi wa Ngong pale Nairobi akajifunze ujoki. Nimwachie?

Kocha wa Ngumi, Manzese

Kabla ya nauli mtazame baba yake na wajomba zake. Wakiwa warefu, hizo kilo 44 ni za kuazima.

Mzaramo wa Buguruni

Kocha, mkojo nakubali, lakini na kilo pia. Uingereza iliondoa sauna viwanjani moja kwa moja mwaka 2021. Bila kupandisha uzito wa kutosha, joki anajichemsha kwenye beseni la kuogea nyumbani kwake, ambako hata daktari wa uwanja hamwoni.

Binti Kigamboni

Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyewataja wanawake. Wako wenye kilo 50 wanaokula milo mitatu. Joki Michelle Payne alishinda Melbourne Cup ya Australia 2015 kwa farasi aliyepewa odi ya 100 kwa 1. Ufaransa tangu 2017 inampunguzia joki wa kike uzito ili wenye farasi washawishike kumwita, maana walikuwa hawamwiti. Kwa hiyo kaka Mzaramo, kabla ya kubadilisha mizani ya dunia nzima, waulize wenye farasi kwa nini wako radhi kumpandisha mwanamume aliyekauka kuliko mwanamke aliyeshiba.

Kijana wa Temeke

Odi mia, dada?! Na mnakaa kimya?

Mzaramo wa Buguruni

Binti, hapo umenipa kazi. Lakini hiyo nafuu ya Ufaransa inamfanya mwanamke awe mwepesi zaidi kwenye mizani. Mwanamke mrefu naye si ataanza kuruka chakula ili aifaidi?