Eti "ni hapo hapo tu, dakika kumi"! Yule kaka wa tiketi atanitambua

Wakuu, naandika nimekalia begi langu hapa Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, mikono inatetemeka. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa mabasi, nitalia.

Yule kaka wa tiketi mnamjua. Huyo huyo. Kanikatia ndege ya kutoka Dar inatua KIA, ule uwanja mkubwa wa Kilimanjaro, saa nne, halafu kandege ka Seronera, kule Serengeti, kanaruka Kisongo saa tano kasorobo. Nikamuuliza, kaka, hapo katikati je? "Ni hapo hapo tu dada, dakika kumi, si zote Arusha?"

Si zote Arusha! KIA iko Hai, mkoa wa Kilimanjaro! Mpaka Kisongo ni kilomita kama 60: Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, uingie mjini na foleni yake, utokee upande wa pili. Malori yote ya nchi hii leo yalikuwa mbele yangu. Usa River tumepitwa na ng'ombe. Ng'ombe, wakuu, tena anachechemea.

Nafika getini jasho linanitiririka, kandege kangu hako kanapaa. Nampigia. Anacheka! Anamaliza kucheka, ananiambia, "Pole dada, si ungewahi?"

SI UNGEWAHI. Niwahi kwa mabawa gani? Kambini wageni wanasubiri chakula cha usiku, mpishi mwenyewe ndiyo mimi. Si ungewahi!

Mbege Baridi: Tiketi moja imeandikwa JRO, yaani KIA, nyingine ARK, yaani Kisongo. Hukuona? Haya lia.

Mleta uzi: Mkuu, wewe ndiye yeye au ni kaka yako?

Konda Mstaafu: Uzi wa wenye ndege huu. Sisi wa basi tunapita kimya kimya.

Mtoto wa Eastlands: Pole dadangu. Hata huku Nairobi mgeni wangu alishukia JKIA, ndege ya Mara ikawa Wilson. Jam ya Mombasa Road ikamlaza mjini.

Kyela Mchele: Afadhali yenu. Sisi Mbeya uwanja ulikuwa mjini kabisa, 2012 ukahamia Songwe. Teksi ya kwenda nyumbani inaniuma kuliko tiketi.

Mama Wawili: Nyie mnalia na barabara, mimi tuvindege hutwo twa mbugani walinikomalia na kilo 15 zao za mzigo mpaka nikaacha viatu vya harusi kaunta.

Konda Mstaafu: Harusi ya nani?

Mama Wawili: Yangu.

Konda Mstaafu: 😂😂 Kwa hiyo uliolewa na kandambili?

Mama Wawili: Buti za dereva wa kambi. Namba kumi.

Mleta uzi: Jamani rudini kwenye mada. Kandege kengine ni kesho. SI UNGEWAHI, anacheka!

Mbege Baridi: Kama unalala Arusha, jioni pita Kwa Mrombo ule nyama choma, hasira zishuke.

Mleta uzi: Mbuzi au ng'ombe?

Mbege Baridi: Ng'ombe. Yule anayechechemea, atakuwa ameshafika.