P0135 haisemi "nunua sensa". Mafundi wa Nakuru na Kisumu, mtatukamua hadi lini?

Jamani, hili limezidi. Taa ya injini ikiwaka, gari linaingia gereji, mashine inachomekwa chini ya usukani, msimbo P0135 unatokea, na kabla boneti haijafunguliwa mwenye gari keshatumwa duka la spea kununua sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye bomba la ekzosi. Sensa inafungwa, msimbo unafutwa, pesa zinalipwa. Siku mbili baadaye taa imerudi na fundi anakwambia, "Hiyo uliyoleta ni feki, leta ingine." Kuanzia Shabab ya Nakuru hadi Kibuye ya Kisumu wimbo ni ule ule.

Taa kuzimika si dalili ya kupona. Magari mengi hayawashi taa hiyo mpaka hitilafu ionekane katika safari mbili mfululizo. Ukifuta msimbo umeinunulia gereji siku moja au mbili za amani, basi.

Someni msimbo wenyewe. P0135 ni hitilafu kwenye sakiti ya hita (kipasha joto) ya sensa ya kwanza, yaani ya mbele, benki ya kwanza, yaani upande wa injini wenye silinda namba moja. Sakiti! Yaani fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya unaoleta umeme, konekta, hita iliyo ndani ya sensa, waya unaorudi, na kompyuta ya gari ambayo ndiyo huipa hita athi, njia ya umeme kurudi. Vitu saba, nanyi mnauza kimoja bila kupima hata kimoja.

Hita ipo kwa sababu sensa ya kawaida haisemi kitu cha maana kabla ya kufika nyuzijoto 300 hivi. Hita ikifa, sensa inangoja joto la moshi, na muda huo wote kompyuta inamwaga petroli kwa kukadiria. Ndiyo maana mtu wa safari fupi za nyumbani, shule na soko analalamika mafuta, hasa asubuhi za Nakuru huko mita 1,850 juu ya bahari, ilhali anayeenda safari ndefu ya kupanda Molo kila siku hahisi kitu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kulala chini ya gari. Angalia kama P0135 imekuja pamoja na P0141, ile ya hita ya sensa ya nyuma. Kwa Toyota nyingi badala yake utaona P0031 (ya mbele) na P0037 (ya nyuma). Hita ya mbele na ya nyuma mara nyingi hula kwenye fyuzi moja. Sensa mbili kufa siku moja ni nadra, fyuzi kuungua ni jambo la kila wiki. Na fyuzi haiungui bure: tafuta waya uliolala juu ya manifoldi, bomba la moto la kutolea moshi kwenye injini, ukayeyuka ganda. Anayeweka fyuzi ya ampea 30 palipokuwa na 15 ili "isisumbue" anaomba moto.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa konekta injini ikiwa baridi. Kwenye sensa, pima kwa mita ya umeme nyaya mbili za rangi moja, ndizo za hita: sensa za kampuni ya Denso huwa na nyeusi mbili, za Bosch na NTK nyeupe mbili. Sensa ya kawaida ya nyaya nne kwa wingi husoma kati ya omu 5 na 16. Mita isiposoma chochote, hita imekatika, na hapo ndipo mna haki ya kuuza sensa. Pimeni pia kutoka waya wa hita hadi bodi ya chuma ya sensa: hapo mita haitakiwi kusoma kitu.

Upande wa gari, washa swichi (magari mengine mpaka injini iungurume) upime waya wa umeme. Mkiona volti 12 msishangilie. Waya ulioliwa ukabaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa kuuchosha. Weka balbu ya wati 21 kati ya waya huo na athi ya betri. Ikiwaka hafifu, kuna kutu ya kijani mahali, na kwa matope yetu na zile pampu za kuoshea magari, anza na konekta.

Kisha balbu ndogo ya wati 5 kati ya pini mbili za hita, injini ikiunguruma. Ikiwaka au kumetameta, umeme unafika na kompyuta inashika athi. Isipowaka, ilhali ile ya wati 21 iliwaka vizuri, fuata waya unaorudi hadi kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ni ya mwisho kushukiwa. Ikiwa kweli imeungua, tafuteni kwanza kilichoiunguza, mara nyingi ni hita iliyopiga shoti.

Dakika ishirini, mita na balbu mbili. Tozeni pesa ya kupima, hakuna atakayekataa!

Halafu kuna wizi wa sensa ya A/F, ile inayopima uwiano wa hewa na petroli. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yana sensa ya A/F mbele, si ya kawaida. Uzi wa skrubu ni ule ule, spana ni ile ile ya 22, kwa hiyo inaingia. Lakini hita ya A/F husoma omu 2 au 3 hivi. Ukiweka ya kawaida yenye omu 13, kompyuta inaona umeme kidogo na kuwasha taa upya. Wenye magari, bebeni sensa ya zamani mkalinganishe namba, na mpime hita ya ile mpya hapo kaunta kabla ya kulipa.

NYONGEZA, kwa aliyeuliza kuhusu sensa za kukata na kuunganisha, zile zinazouzwa bila konekta ukaunganisha nyaya zake na konekta ya zamani: hakikisha kwanza ni ya aina ya gari lako. Usichomelee nyaya kwa risasi (solda). Sensa nyingi za kawaida huvuta hewa ya kulinganishia kupitia nyuzi za waya, risasi inaziba. Tumia viungo vya kubana kwa koleo, kila kimoja mahali pake visigusane, na usipulize grisi wala dawa ndani ya konekta. Dawa ya kuzuia kukwama ipake kwenye uzi wa skrubu tu. Ikigusa ncha ya sensa, sensa hiyo umeshaiua kabla haijaingia.