Walimu wa Nyanda za Juu Kusini, utafiti tendaji darasani: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Mufindi
Jana kwenye jumuiya ya ujifunzaji, kile kikao cha walimu kujifunza pamoja, tumeambiwa kila mmoja alete utafiti tendaji wa darasa lake, yaani achunguze tatizo la wanafunzi wake na ajaribu kulitatua. Mlioufanya kweli, siyo wa kujaza karatasi, mlianzia wapi?

Mvua ya Tukuyu
Umenikumbusha mbali. Darasa la Tatu, Rungwe. Watoto wanaandika "karamu" wakimaanisha kalamu, "kura chakura". Kinyakyusa hakina r, sasa mtoto akishajua Kiswahili kinayo, anaipachika hata pasipotakiwa. Nikaanza imla kila Ijumaa, maneno kumi yale yale, makosa nayahesabu kwenye kaunta buku. Katikati ya wiki tunacheza jozi: kula na kura, mahali na mahari. Wiki ya nne makosa yamepungua zaidi ya nusu. Nikafurahi.

Halafu nikasoma safu ya pembeni, nilikoandika nani kasoma kwa sauti. Binti mmoja wa dawati la mbele: wiki ya kwanza mara tano, ya pili mara mbili, kisha sifuri. Na imla anapata tisa, kumi! Nikamwita nje, mvua inanyesha, tumesimama barazani. Akasema, "Mwalimu, nikikosea unanikatisha, halafu wanacheka." Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nahesabu herufi huku namnyamazisha mtoto. Awamu ya pili nikabadili: anamaliza sentensi yote, kosa tunalirudia baadaye darasa zima. Zilipita wiki tatu ndipo akanyoosha mkono.

Mama Chaki, Njombe
Pole mwalimu. Hata mimi nawakatisha.

Hesabu Iringa
Pole, ila huo siyo utafiti. Darasa la kulinganishia, ambalo halikufanyiwa hayo, liko wapi?

Mwalimu Mstaafu
Kijana, unachanganya mambo. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alipoandika habari hizi mwaka 1946 alieleza mzunguko: unapanga, unatenda, unaangalia kilichotokea, unapanga upya. Mwalimu anatafuta dawa ya darasa lake, hatafuti kanuni ya dunia nzima.

Hesabu Iringa
Mzunguko sawa, shikamoo mzee. Lakini maneno yale yale kila Ijumaa, watoto si wanakariri tu?

Mvua ya Tukuyu
Hapo umenishika. Ilitakiwa nibadilishe angalau matano.

Mpunga Kyela
Mimi nilidhani hawaelewi kuzidisha. Kumbe kwenye rejista, walioshindwa ni wale wale wanaokosa siku ya mnada. Anzeni na rejista.

Mama Chaki, Njombe
Mwambie mwenzako akae nyuma aandike anachoona.

Mpunga Kyela
Asikae mtu! Watoto wakiona mgeni wanakuwa malaika. Rekodi sauti kwa simu.

Mwalimu Mstaafu
Usirekodi mtoto kabla mzazi na mwalimu mkuu hawajaridhia.

Mwalimu wa Mufindi
Huyo binti yuko wapi sasa?

Mvua ya Tukuyu
La Tano. Juzi kasoma tangazo mstarini, akasema "mahari pa kukutania", akaendelea hadi mwisho.

Mwalimu wa Mufindi
Naomba picha ya ukurasa mmoja wa hiyo kaunta buku, majina uyafunike.