Mzinga wa tani na ushei, farasi wawili, tena mbio? Filamu za vita zimenichosha!

Wadau, ndio kwanza natoka kwa mpwa wangu Kibokoni na kichwa chaniuma. Niliitwa kutazama filamu, ati ya Vita Vikuu vya Kwanza huku kwetu Afrika Mashariki. Jina silitaji, sitaitangazia bure.

Hatujamaliza hata kahawa, mzinga wa Wajerumani watokea porini, wakokotwa na farasi wawili, vumbi latimka kama mashindano. Nikapiga ukelele. Farasi gani hao? Nchi ile ina mbung'o! Farasi, nyumbu na ng'ombe wa vita vile walikufa kwa maelfu. Mizinga ilivutwa na watu kwa kamba, mamia kwa mzinga mmoja, matopeni. Na wapagazi hao, saa mbili nzima sikumuona hata mmoja. Jina la Kariakoo tunalitaja kila siku, nalo limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi upande wa Waingereza. Kwenye filamu hawapo, mzinga wajiendea.

Si wangekuja Ngomeni tu, Fort Jesus hapa Mombasa? Mzinga wenyewe upo pale. Ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyolipuliwa na mabaharia wake mtoni Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ikaopolewa, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam. Na hapo hapo Ngomeni upo mzinga wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na hiyo hiyo Königsberg bandarini Unguja, Septemba 1914. Mahasimu wawili, leo majirani. Nenda kausukume ule mtutu, kisha uje unieleze habari za farasi.

Haya, kufyatua sasa. Afisa ateremsha upanga, na papo hapo nyumba mlima wa pili yaruka. Yakhe, kombora lasafiri! Mzinga ule wapiga kilomita kumi na zaidi, na kwa masafa hayo kombora hukaa hewani karibu nusu dakika. Mpigaji mara nyingi hata hakioni anachokipiga. Yuko mwenzake kilimani mbele ampasha kwa simu: ongeza, punguza, kushoto kidogo. Kile kimya cha kungoja ndicho chenye kutisha, nao wamekitupa. Badala yake ni moto mwekundu wa petroli na watu wapiga sarakasi. Kombora halisi hurusha udongo na moshi mweusi, na vinavyoua zaidi ni vipande vya chuma.

"Ami, ni sinema tu," mpwa aniambia. Ili anipoze akaweka nyingine, ya majahazi ya Wazungu wa kale. Afadhali angeniacha! Kila tufe la mzinga likigusa mbao lalipuka. Tufe la chuma gumu lile, ndani hamna kitu! Lilivunja ubavu wa meli, na vibanzi vya mbao ndivyo vikachinja watu. Mabomu ya kulipuka yalikuwepo, lakini hasa ya mizinga mifupi minene. Na mzinga ukishafyatuliwa watulia kama kigoda, ilhali ulirudi nyuma kwa kishindo cha kumvunja mtu miguu, ndiyo sababu ya zile kamba nene za kuuzuia.

Nikavaa makubazi nikaondoka.

Mwenye kuijua filamu hata moja iliyowaonyesha wapagazi wakivuta mzinga aitaje hapa. Ya farasi msiniletee.