Wauza nyuzi za kufumia Mwanza, acheni kutuuzia plastiki kwa bei ya pamba!

Wakuu, heshima mbele. Leo sina salamu ndefu, nimekuja kutema nyongo.

Nafuma krosheti, ile ya sindano moja yenye ndoano. Ya nyumbani kwangu kwanza, halafu oda ndogo ndogo za mtaani: magauni ya watoto, kofia, sweta za vichanga, vitambaa vya makochi. Oda iliyonivuruga ni ya Kulwa na Doto, wajukuu wa shangazi yangu. Magauni mawili ya ubatizo, meupe ya maziwa, yafanane kila kitu. Nikaingia duka moja mjini, silitaji, nikaomba uzi wa pamba. Kaka wa dukani akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Chukua huo dada, pamba tupu, mtoto hatoki hata jasho." Lebo iko wapi? "Lebo zinabaki kwa bosi."

Lebo zinabaki kwa bosi! Jamani.

Jua la Mwanza mnalijua. Doto kalia misa nzima, mgongo umelowa, shingo imejaa vipele. Na tulipotoka nje kwenye mwanga, Kulwa yuko kwenye maziwa, mwenzake yuko kwenye chai ya maziwa. Bibi yao, ambaye hajui kunong'ona, akauliza mbele ya wazazi wa ubatizo: "Huyu Doto mbona mmemvalisha la jana?"

Nilivyofika nyumbani nikachukua kipande cha uzi uliobaki nikakiwasha kiberiti. Pamba ikiungua inatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Huu wangu uliyeyuka, ukatoa moshi mweusi, ukabaki kidonge kigumu cheusi kama shanga. Akriliki hiyo. Plastiki. Hainyonyi jasho, na ukiipitishia pasi ya moto inalegea moja kwa moja, yale mapambo ya makombe uliyofuma kwenye pindo yanalala yote na hayainuki tena.

Hapa msinielewe vibaya, akriliki sijaitukana. Kofia, mikoba, sweta la asubuhi za Juni na Julai, naifuma na inadumu. Niuzie kwa jina lake na kwa bei yake basi.

Sasa suala la rangi, maana najua kuna mtu atakuja kuniambia "umechanganya mwenyewe". Uzi unatiwa rangi kwa mikupuo, na mkupuo mmoja na mwingine havifanani asilimia mia hata kama jina la rangi ni lile lile. Ndiyo maana kiwandani wanaandika namba ya loti kwenye lebo, ili anayefuma gauni zima achukue madonge ya loti moja. Ninyi mnachana lebo, mnafungua madonge, mnayazungusha upya yawe madogo, halafu mnayachanganya kwenye kapu moja. Nikipeleka donge la "gramu 50" kwa mama muuza dagaa jirani yangu atupie kwenye mzani, halifiki 40. Krosheti yenyewe inakula uzi kuliko kufuma kwa sindano mbili, kwa hiyo hizo gramu mnazopunguza ni mkono mzima wa gauni.

Na kinachoniuma zaidi ni hapa tulipo. Hii si Kanda ya Ziwa? Magu, Kwimba, Misungwi, wazee wetu wamesomesha watoto kwa pamba. Kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru pale wamekaa miaka na miaka wakizalisha mbegu, hiyo mbegu ya pamba UKM08 imetoka hapo hapo. Msimu ukifunguliwa malori ya pamba yanatupita barabarani, sehemu kubwa inakwenda nje ikiwa ghafi, halafu mimi niliyezaliwa kwenye shamba la pamba nadanganywa pamba ni nini. Inatia kichefuchefu.

Bado hujamkuta mteja. "Mbona sokoni Mlango Mmoja sweta la mtoto buku mbili?" Lile limefumwa na mashine, mama. Krosheti halisi mpaka leo haifumwi na mashine, kila tundu unaloliona ni kidole cha mtu. Ila hayo tutayaongea siku nyingine, leo nina wauza uzi.

Magauni nayarudia kwa gharama zangu, shangazi hajaniomba lakini siwezi kulala. Kwa hiyo nauliza: nani anajua duka la hapa hapa Mwanza, iwe Kirumba, Igoma, Buhongwa, popote, linalouza uzi wa pamba ukiwa na lebo yake na loti yake? Weka mtaa hapa hadharani, sitaki PM. Na wale wa "dada agiza mtandaoni" piteni tu, nataka niushike uzi, nichome kipande mbele ya muuzaji, ndipo nilipe.