Picha za sehemu ya majaribio iliyokataliwa: zinaingizwaje kwenye sehemu za baadaye?

Mkasi_Mezani:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Tamthilia ikikataliwa na kituo baada ya sehemu ya majaribio (ile ya kwanza inayopigwa ili kituo kiamue kama kitainunua), zile picha zimeshakula pesa: seti, mavazi, waigizaji, maabara. Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, walizirudisha ndani ya hadithi yao ya baadaye, The Menagerie. Ninachotaka kujua ni kazi yenyewe ilivyofanyika. Nahodha ni mwingine, sare ni nyingine, wahusika karibu wote hawapo tena. Waliunganishaje? Na mwenye picha za namna hiyo leo aanzie wapi, kwenye muswada au kwenye kompyuta ya kuhariri?

Kadamnasi:
Aanzie kwenye muswada. The Menagerie inafaa kutazamwa kwa jicho la fundi kwa sababu hiyo hasa.

Sehemu yao ya majaribio, The Cage, ilipigwa mwishoni mwa 1964, mwongozaji akiwa Robert Butler na Jeffrey Hunter akicheza Nahodha Pike. Kituo cha televisheni cha NBC kiliikataa lakini kikaagiza jaribio la pili, jambo la nadra sana, na humo ndimo William Shatner alipoingia kama nahodha mpya, Kirk. Kati ya wahusika wakuu wa mwanzo aliyevuka ni Spock wa Leonard Nimoy peke yake. Tamthilia ilianza kurushwa Septemba 1966, na haikupita muda kazi ikawa inakimbizwa na tarehe: picha za angani na meli zilichelewa maabara huku kituo kinasubiri. Hapo ndipo Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, alipoitoa The Cage kabatini na kuifanya sehemu mbili za The Menagerie, zilizorushwa tarehe 17 na 24 Novemba 1966.

Hakujaribu kuficha tofauti, aliipa umri. Matukio ya zamani yakawa ya miaka 13 iliyopita, basi sare, seti na hata Spock anayetabasamu vikapata sababu. Kisha akatumia hadithi ndani ya hadithi: Spock anamchukua Pike, anaielekeza meli Talos IV, sayari ambayo kuikaribia ni adhabu ya kifo, anashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na The Cage inaonyeshwa kama ushahidi. Mahakama ni chumba kimoja, meza na watu wachache, kwa hiyo ni rahisi kupiga. Pia ni mahali pa kupumzikia: ukitaka kuruka kipande kinachozubaa unarudi chumbani, mtu anauliza swali, mkirudi kwenye skrini mmeshavuka dakika kadhaa za hadithi na hakuna aliyeona mshono.

Hunter hakurudi. Pike wa sasa akaandikwa kuwa ameungua kwa mionzi, yuko kwenye kiti, hasemi, anajibu kwa taa: mwako mmoja ndiyo, miwili hapana. Sean Kenney alimcheza chini ya vipodozi vizito. Uamuzi mmoja ukatatua sura na sauti kwa pamoja.

Angalieni pia swali ambalo mtazamaji angeuliza: nani alirekodi haya yote, mpaka ya faraghani? Kirk mwenyewe analiuliza mapema, kwamba hakuna meli inayorekodi kwa undani huo, na jibu linakuja baadaye: picha zinatumwa kutoka Talos. Pengo likitajwa na mhusika linageuka kuwa fumbo la hadithi. Likiachwa kimya linabaki kosa.

Kilicho bora kuliko vyote ni mwisho. Katika The Cage, Vina, mwanamke anayeishi Talos, anaonekana akirudi ndani ya mlima na Pike wa kufikirika aliyepewa na Watalosi, wenyeji wa sayari hiyo. Katika The Menagerie picha ileile imewekwa mwishoni kabisa, na sasa ni Pike halisi, mgonjwa, aliyerudishiwa ujana wake. Maana imepinduka kwa sababu ya kilichotangulia tu.

Bi_Tepu:
Nakubaliana na Kadamnasi, ila si lazima kila mara mbinu rejeshi, yaani kurudi kwenye matukio ya nyuma. Lost in Space, tamthilia nyingine ya angani, walifanya kinyume. Sehemu yao ya majaribio ya 1965, No Place to Hide, haikuwa na Dkt. Smith wala Roboti. Wahusika hao wawili walipoongezwa, picha za zamani hazikurundikwa mahali pamoja, zilikatwa na kugawanywa katika sehemu tano za kwanza. Kikwazo ni dhahiri: safari ya familia kwenye gari lao kuvuka bahari iliyoganda imeshapigwa, na Smith hayumo. Dawa yao ilikuwa kumwandikia sababu ya kubaki nyuma kwenye chombo pamoja na Roboti. Matukio yake mapya yakapigwa peke yake, mahali tofauti kihadithi, yasihitaji kuingia fremu moja na ya zamani. Kwa hiyo mhusika mpya usimchomeke katikati ya picha za zamani. Mtenge, kisha ruka kutoka upande huu kwenda ule.

Gilligan's Island, kichekesho cha watu waliokwama kisiwani, walikuwa na shida ngumu zaidi, kwa sababu waigizaji watatu kati ya saba walibadilishwa baada ya sehemu ya majaribio. Katika sehemu ya Krismasi ya Desemba 1964 watu hao waliokwama wanakumbuka siku zao za kwanza kisiwani. Walionusurika na mabadiliko wakabaki kwenye picha za majaribio zilizopigwa Hawaii, na matukio yaliyowahitaji wale watatu wapya yakapigwa upya.

Fremu25:
Upande wa ufundi, kabla hujaandika neno, tazama picha zote na uandike orodha ya kila tukio: nani yumo, amevaa nini, mchana au usiku, sauti ni safi au la. Weka alama kwenye tukio lenye mwigizaji usiyempata tena. Hiyo orodha ndiyo inayomwongoza mwandishi.

Kisha kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Picha za fremu 24 ukizichezesha kwa 25 zinakwenda haraka kwa asilimia 4, na sauti inapanda usipoirekebisha. Za 30 ukizilazimisha kwenye 25, kamera ikigeuka utaona mwendo unakwamakwama. Amua kasi ya mradi mzima kwanza, halafu picha mpya zipigwe kwa kasi ya zile za zamani, kwa sababu za zamani huwezi kuzipiga tena.

Usisahau mikataba. Mwigizaji aliyelipwa kwa ajili ya jaribio huenda hakukubali kutumika mahali pengine, na muziki vilevile. Soma kabla ya kuhariri.

Mkasi_Mezani:
Asanteni. Na kama mwigizaji wa zamani yupo bado, lakini sasa anacheza mhusika mwingine?

Kadamnasi:
Limetokea palepale. Majel Barrett alikuwa naibu wa Pike kwenye The Cage, na kwenye tamthilia ni Muuguzi Chapel. Chapel hakuwekwa kwenye The Menagerie, na kwenye orodha ya majina Barrett akabaki na jina lake la The Cage, M. Leigh Hudec. Malachi Throne alikuwa sauti ya Mlinzi, mkuu wa Watalosi, kwenye The Cage, na alipopewa nafasi ya ofisa Komodoo Mendez kwenye The Menagerie ilibidi sauti ya Mlinzi ibadilishwe kielektroniki ipande, ili wawili hao wasisikike kama mtu mmoja.

Bi_Tepu:
Nyongeza moja kuhusu kuhifadhi. Ili kutengeneza The Menagerie walikata negativu halisi (filamu ya asili inayotolewa nakala) ya The Cage. Vipande vilivyoachwa vilidhaniwa vimepotea, na kwa miaka mingi nakala kamili iliyojulikana ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Kanda ya video ya 1986 ilibidi ichanganye vipande vya rangi na visivyo na rangi. Baadaye vile vilivyokatwa vikapatikana, na mwaka 1988 ikarushwa yote kwa rangi. Siku hizi ni faili, kwa hiyo hakuna kisingizio: tengeneza nakala mbili kwenye diski tofauti, thibitisha zote zinafunguka, ndipo ukate kwenye ya tatu. Na sauti uzihifadhi zikiwa zimetenganishwa, mazungumzo peke yake, muziki peke yake, vishindo peke yake. Zikishachanganywa, ukikata mazungumzo katikati ya muziki, mruko utasikika na hautazibika.